Mtu Aliyepima Maji ya Jumapili

Katika ripoti ya kukarabati kijito chetu, ukurasa wa mwisho kabisa, panaposhukuriwa watu, wametajwa wakubwa wa mkoa, wahandisi, madereva, hata mama waliowapikia wageni bukari, ugali wa kwetu, siku za mikutano. Kisha, chini ya wote, upo mstari mmoja: "na mkaaji mmoja wa kandokando ya mto." Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila nikiusoma damu inanichemka. Mkaaji mmoja! Huyo mkaaji mmoja alipima maji yale miaka na miaka, bila gari, bila barua ya kazi, bila mtu hata mmoja kumwambia asante. Bila yeye ripoti nzima ingekuwa uongo uliopakwa rangi.

Nami pia sitamtaja jina. Aliniomba nisilitaje, na sababu yake nitaieleza nikifika hapo. Sisi wa mtaa wa Kapata tulimwita Tata Labo, yaani Baba Maabara, kwa kuwa zamani alifanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha madini kilichokwisha kufungwa, hata kibao chake cha langoni hakipo tena. Nyumba yake ilipakana na yetu, katika safu zile za nyumba za wafanyakazi zinazofanana mpaka mlevi anakosea mlango. Nyuma ya nyumba ardhi inateremka hadi kwenye dembo, yaani bonde lile lenye majimaji, na katikati ya dembo kinapita kijito chetu kwenda kuutafuta mto Lualaba. Mama yangu analima lengalenga, mchicha wetu, na kabeji humo tangu sijazaliwa. Ada ya shule yangu ilitoka kwenye matuta yale.

Ukiingia kwake, kitu cha kwanza kuona ni chupa. Zilikuwa chupa za plastiki za maji ya kununua, zimepangwa dirishani na juu ya kabati, kila moja imebandikwa kipande cha plasta na kuandikwa kwa penseli: siku, saa, mahali. Kalamu ya wino hakuitaka, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na penseli inabaki. Alikuwa na makaratasi madogo ya kupimia uchachu, ambayo ukiyatia majini yanabadilika rangi, kijani maji yakiwa mazuri, chungwa na kisha nyekundu yakiwa makali. Na alikuwa na madaftari ya shule, yale ya jedwali la kuzidisha nyuma, yamejaa safu za tarakimu.

Alikuwa na adabu zake za kuchota. Unaingia majini taratibu, unageuza uso kule maji yanakotoka, ili tope la miguu yako liende nyuma yako lisiingie chupani. Unasuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima, na mara ya nne ndipo unachota. Wataalamu walipokuja baadaye na buti zao mpya, mmoja aliingia kijitoni kwa kishindo, akachota kati ya miguu yake mwenyewe, akafunga chupa akaondoka. Tata Labo alikuwa amesimama ukingoni akimtazama.

"Ule kijana amepima viatu yake," alisema.

Nilipokuwa na miaka kama tisa nilimwibia chupa moja. Niliitaka ya kubebea maji ya sukari shuleni. Nikamwaga yaliyokuwamo, nikabandua plasta, nikaenda zangu. Jioni alikuja mlangoni kwetu, ametulia tu.

"Mama," alimwambia mama yangu, "mutoto yako amenimwangia siku ya Mungu."

Siku ya Mungu ndiyo Jumapili kwetu. Mama hakuelewa hata kidogo, mpaka alipoeleza kwamba chupa ile ilikuwa na maji ya Jumapili iliyopita. Nilingoja fimbo. Badala yake alinipeleka kwake, akafungua daftari, akanionyesha mraba mtupu, akanipa penseli.

"Andika."

"Niandike nini, Tata?"

"Andika ile ilipita. Mayi ilimwangwa. Na nani aliimwanga."

Nikaandika: imemwagwa na mtoto wa jirani. Nilidhani ananitia aibu tu. Lakini alisema jambo ambalo alilirudia mpaka uzeeni kwa kila aliyemsikiliza: mahali patupu pia panaandikwa, na kilichoandikwa hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba ili cha chini kiendelee kusomeka. Kifutio hakikuwahi kuingia nyumba ile. Sehemu ya nyuma ya penseli, pale penye mpira mwekundu, aliikata kwa kisu siku ya kuinunua.

Na alichukia neno moja kuliko matusi yote. Vijana wetu ukiwauliza habari wanajibu "normal". Ukimjibu hivyo Tata Labo umekwisha.

"Normal njo nini?" atakuuliza. "Uko na homa? Hauna homa? Ulikula? Leta chiffre, leta tarakimu."

Watu walimcheka kwa hilo. Pastori mmoja alimwuliza hali ya mkewe aliyelazwa hospitali, akamjibu kwa kutaja joto lake la asubuhi na la jioni. Mkewe mwenyewe, mwanamke mpole ambaye wazazi wake walitoka Kasai kama wazazi wa mumewe, alisema ameolewa na kipimajoto. Tata Labo akikasirika sana aliacha Kiswahili na kuingia Kiluba cha nyumbani kwao, na hapo hata majirani wasiojua Kiluba walijua wamehukumiwa.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgumu, mwenye kinyongo, na hakusifu mtu. Nilipopata diploma yangu ya mambo ya mazingira, mtaa mzima ulikuja kula kwetu. Yeye alikuja, akaishika diploma, akauliza huko shuleni tulichota maji mara ngapi. Nikasema mara mbili. Akairudisha, akaomba nyama. Na mtu huyu aliyejua yote yaliyomo majini alikunywa maji ya bomba la mtaa bila kuyachemsha. Mkewe akimgombeza, anajibu, "Nimeshachoka kupima. Nyumbani niache ninywe."

Lililowaudhi watu zaidi ni Jumapili. Kwetu Jumapili asubuhi hakuna mtu shambani. Kuanzia kengele ya kwanza Kapata inahamia kanisani, Wakatoliki kwao, Waprotestanti kwao, mama na vitenge vyao vya kwaya, baba na makoti. Kulima siku hiyo ni aibu hata kwa asiyesali. Saa hiyohiyo Tata Labo alishuka kwenye dembo na mfuko wa chupa, peke yake. Miaka yote ile sikumwona kanisani Jumapili hata mara moja. Alikwenda misa ya Jumamosi jioni, lakini nani alihesabu Jumamosi? Wakasema ni mulozi, mchawi. Wakasema anachota dawa. Yupo mhubiri aliyesema madhabahuni kwamba wapo watu wanaokwenda kuabudu mto wakati wenzao wanamwabudu Mungu, na kanisa zima likageuka kumtazama mkewe. Mama yule akajikaza na kupiga makofi ya wimbo uliofuata. Hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Yeye hakujitetea. Ukimwuliza sababu, alikuonyesha daftari. Jumatatu hadi Jumamosi safu ilikuwa tulivu, karatasi ya kijani au manjano. Jumapili asubuhi, karibu kila mara, chungwa au nyekundu. Hadi Jumatatu mchana maji yamerudi kama hayakufanya kitu. Juu kidogo ya bustani za mama zetu lipo bomba linalotokea ndani ya matete, na juu ya bomba, nyuma ya ukuta, kipo kiwanda kidogo cha kuosha madini. Kiwanda kinangoja watu waimbe, kisha kinafungua bomba.

Sasa nije kwangu, na hapa hasira yangu inanirudia mwenyewe.

Niliajiriwa na ofisi iliyopewa kazi ya kukitengeneza kijito. Kazi yetu ilikuwa kujenga modeli, yaani hesabu ya mto ndani ya kompyuta. Unaipa mvua, mteremko wa ardhi na vipimo vya maji, nayo inakuambia: ukichimba bwawa la chokaa la kupunguza uchachu hapa, ukipanda matete pale, maji ya kule chini yatakuwaje. Ni chombo kizuri, sikitukani. Lakini hakijui ila ulichokilisha. Na sisi tulichota Jumanne na Alhamisi, kwa sababu ndizo siku tulizokuwa na gari. Hakuna aliyefikiria Jumapili. Wote tulikuwa kanisani, na mimi nikiwa kwenye kwaya.

Nikakumbuka madaftari. Tata Labo alinipa yote, yamefungwa kwa kamba ya katani, naye alikuwa hajawahi kumwazima mtu hata moja. Niliyaingiza kwenye kompyuta wiki tatu. Modeli ikachafuka. Tarakimu za Jumapili zilivuruga mistari yote, kila kitu kikakataa kukaa sawa. Mkuu wa ofisi yetu, mtu mstaarabu wa mashati yaliyopigwa pasi, aliinama juu ya bega langu akatazama.

"Ni nani alipima?"

"Ni muzee moja wa Kapata, shefu."

"Muzee moja, na chupa za plastiki. Na inaharibika siku ya Mungu tu." Akatabasamu kwa huruma. "Hizo ni valeurs aberrantes, mama. Vipimo vilivyopotea njia. Futa."

Nikafuta. Nataka msomaji ajue ilikuwa rahisi kiasi gani. Nilichagua Jumapili zote za miaka yote, nikabonyeza mara moja, zikaondoka, na modeli ikatulia. Nilifurahi. Shefu alinisifu mbele ya wenzangu.

Ramani ikatoka. Sehemu ya chini, karibu na barabara kuu ambapo wageni wanaweza kusimamisha gari na kupiga picha, ilikuwa nyekundu, na huko ndiko mabwawa ya chokaa yangechimbwa. Sehemu ya juu, penye bustani za mama zetu, ilikuwa ya kijani. Pa kijani hapahitaji kazi. Nilimletea mama nakala, naye akaishika kwa mikono miwili.

"Hapa ni kwangu?"

"Ni kwako, mama."

"Na kijani, ni muzuri?"

"Ni muzuri."

Basi mama akaongeza matuta mpaka ukingoni kabisa, mahali ambapo kwa miaka alipaogopa, na akachimba kishimo cha kutekea maji. Majuma machache baadaye, Jumatatu alfajiri, alimwagilia kwa maji yaliyolala kishimoni tangu Jumapili. Jumatano lengalenga zilikuwa zimeungua kingo, majani yamejikunja kama yamepitishwa motoni. Miguu yake ilivimba na kuchubuka kati ya vidole, akatembea kwa visigino hadi sokoni kusema hana mboga. Hakunigombeza. Alinitazama tu huku nikimpaka mafuta.

"Lakini ulisema ni kijani," alisema.

Nilikwenda kwa Tata Labo siku hiyohiyo. Alikuwa ameshadhoofika, anakaa mlangoni kwenye kiti cha kamba, mikono inatetemeka mpaka hawezi tena kubandika plasta. Nilimweleza. Nilitegemea Kiluba.

"Nani alifuta?" aliuliza.

"Shefu alisema..."

"Sikuulize shefu."

"Ni mi, Tata. Ni mi nilifuta."

Kisha akamwambia mkewe alete kiti cha pili.

"Ikala," alisema. "Hata mi nilifanya hivi. Kwa hii, kunipita mimi haiko muntu."

Akanieleza. Katika kiwanda kile alichofanyia kazi, kile kilichofungwa, ndiye aliyejaza karatasi za maji. Bomba ni hilihili la kwenye matete. Siku ya kufungua ilikuwa hiihii. Kila wiki karatasi ilikuwa na miraba saba, na mraba wa saba alikatazwa kwenda kuupima. Jumatatu aliujaza akiwa mezani. Aliandika neno moja, normal, akatia sahihi. Jumapili yenyewe alikuwa kanisani na suti yake, anaimba sauti ya tatu, na mboga za mama wa wakati ule zinaungua.

"Kila siku ya Mungu?" niliuliza.

"Kila moja. Mpaka siku balifunga kiwanda. Halafu balikuja bengine, baliokota bomba, na siku nayo baliokota." Alitazama mikono yake. "Nilisema, sasa nitaenda. Ile mi niliuzisha, nitaenda kuitafuta."

Nilimkumbuka mhubiri yule, na kanisa lililogeuka, na mimi nikiwa mtoto nimegeuka pamoja nao.

Jumapili iliyofuata sikwenda kwaya. Nilimshika mkono tukashuka kwenye dembo polepole, akakaa ukingoni juu ya beseni lililopinduliwa. Kengele zilikuwa zimekwisha na nyimbo zimeanza, zinasikika kutoka upande wa juu. Matete yalitikisika, maji yakabadilika rangi mbele yetu, yakawa na wekundu wa kutu, na harufu ikanikaba. Niliingia, nikageuza uso kule yanakotoka. Nikasuuza mara tatu. Karatasi ilikuwa nyekundu kabla sijaitoa.

Nikafungua daftari nikaandika siku, saa, mahali na tarakimu. Safu ya mwisho ilikuwa ya jina la mpimaji. Nikaanza kuandika jina lake, kwa heshima, nikidhani namlipa fadhila.

"Hapana," alisema. "Andika yako."

"Lakini Tata, ni kazi yenu."

"Jina yangu iko mu makaratasi ya zamani, pembeni ya normal. Bakiona jina yangu, batatafuta zile karatasi. Batasema, huyu muzee alisemaka uongo miaka yote, juu ya nini tumusadiki leo? Na mayi itashindwa juu yangu. Mi usiniandike fasi yoyote, mahali popote. Nisikilize, mama. Fasi yoyote."

Nikapiga mstari mwembamba juu ya herufi mbili za jina lake, nikaandika jina langu.

Nilichota Jumapili tano mfululizo. Niliziweka mezani kwa shefu pamoja na picha, na zile za zamani nilizozirudisha moja moja, kwa maana kufuta ni mara moja na kurudisha ni wiki tatu. Aliuliza nani amechota. Nikasema ni mimi, na kama anataka tushuke pamoja, Jumapili saa tatu. Alikuja, na viatu vyake vya ngozi. Modeli ikaundwa upya, sehemu ya juu ikawa nyekundu, na bwawa la kwanza la chokaa likahamishwa kutoka barabarani likachimbwa chini ya bomba, juu ya bustani ya mama yangu. Mboga zimerudi. Bomba lenyewe halijafungwa. Kiwanda hakijaitwa hata kuulizwa. Tumepewa bwawa la kuoshea uchafu wa mtu ambaye bado anakula chakula chake cha Jumapili kwa raha, na ripoti inaliita bwawa hilo mafanikio. Nami nimo humo ndani, jina langu kamili, kwa herufi nzito.

Ripoti ilipochapishwa nilimpelekea. Alikuwa kitandani, haoni vizuri, mkewe amemwinua kwa mito miwili. Nikamsomea ukurasa wa shukrani hadi mstari ule.

"Mkaaji moja," alirudia. "Nani aliandika hivi?"

"Ni mi, Tata. Mulinikataza jina."

Akaitikia kwa kichwa, nikaona ameridhika, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Mstari huo unaonichemsha damu niliuandika mwenyewe, na sikuwa na namna nyingine ya kumtii.

"Na siku ya Mungu? Iko mu ndani?"

"Iko. Zote."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Nilipoinuka kuondoka akanishika kitenge.

"Na ile ulimwanga?"

Nikarudi nyuma, kwenye majedwali, nikatafuta kwa kidole mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa. Nikamsomea kama ilivyo: siku, saa, mahali, na kwenye mraba wa tarakimu, imemwagwa na mtoto wa jirani.

"Muzuri," alisema, akaachia kitenge changu.